Lorraine Amkatiza Mzee Tibbets

Lorraine Wojcik aliendesha basi la shule hapa mjini Buffalo mpaka magoti yakamshinda, ndipo akasomea udalali wa nyumba. Nyumba ya kwanza aliyopewa kuuza ilikuwa ya Gus Hanrahan, mtu mwenye hasira za karibu.

Jumapili aliyoifungua nyumba ili wanunuzi waitazame, theluji ilianguka tangu asubuhi, na aliyekuja kuitazama nyumba ni mmoja tu: mzee Earl Tibbets. Alipita vyumbani akipapasa milango kupima upana wake. Walipofika jikoni akaanza kumwaga ya moyoni.

"Mama, mke wangu amekatwa mguu. Anatoka hospitali wiki hii, na kwetu ni ngazi tupu. Hii haina hata moja. Mimi niko tayari kutoa hata—"

"Mzee, ishia hapo!" Lorraine alipaza sauti kuliko alivyokusudia. Sheria ya jimbo inamtaka dalali aseme yuko upande wa nani kabla mazungumzo hayajafika huko, naye alikuwa amechelewa. "Mimi ni dalali wa muuzaji. Ukiniambia bei yako ya mwisho, lazima nimwambie. Tafuta dalali wako mwenyewe."

Mzee akanywea. "Kumbe nilikuwa naongea na upande wa pili." Akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

Jioni Gus akapiga simu, akasimuliwa yaliyotokea. "Mteja mmoja, na huyo huyo umemfukuza?"

"Sijamfukuza. Anataka nyumba isiyo na ngazi, mkewe amekatwa mguu. Hayo niliyasikia, kwa hiyo nakwambia."

"Mwisho wake bei gani?"

"Sikumwacha afike huko."

"Una wazimu wewe! Ulipaswa kumwacha aseme!"

Siku zilizofuata, kila simu ikilia Lorraine aliwaza: huenda ni Gus anamwachisha kazi, huenda ni mzee amemshtaki kwa kuchelewa kusema. Akawaza pia mke wa mzee: akitoka hospitali atalala wapi, na ngazi zile?

Alhamisi dalali mwingine, aliyetafutwa na mzee Tibbets, akaleta ofa yake ya kuinunua nyumba. Gus alinung'unika, akavutana nao kuhusu bei, mwishowe akakubali.

Siku ya kutia sahihi, mzee aliingia akisukuma kiti cha magurudumu. Hakumtazama Lorraine. Mkewe, Odessa, ndiye aliyemkazia macho.

"Ndiye huyu aliyekunyamazisha, Earl?"

"Ndiye."

Odessa akamshika Lorraine mkono. "Nifundishe, mwanangu. Mimi nimejaribu tangu nimeolewa."