Kilio Bila Maiti

Mwaka jana, kwa muda wa wiki kama sita, nilikuwa naamka asubuhi nikitamani jirani afe. Sikuwa na jirani fulani moyoni. Yeyote, mradi nyumba yake iwe karibu na ndugu zake wawe wengi.

Nilitamani hivyo kwa sababu ya kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote hapa Likasi. Yaya alikuwa anachimba shaba kwa mikono. Siku moja shimo liliporomoka, likamfungia chini na wenzake wawili. Walizungumza gizani. Mmoja alimtania mwenzake kuhusu mchumba wake. Baadaye mmoja akanyamaza, kisha wa pili, na yaya akabaki anaongea peke yake mpaka watu walipomfikia. Alitoka bila mfupa kuvunjika. Daktari alimpapasa mbavu, akasema ana bahati.

Tangu siku hiyo hakuweza kulala penye kimya. Nyumba ikitulia tu, alianza kukwaruza sakafu kwa kucha. Mama, dada yangu na mimi tulipokezana kuongea karibu naye, lakini usingizi ulitushinda. Redio haikumdanganya. "Ile haijibu," alisema. Kwenye kituo cha afya muuguzi alitusikiliza kwa huruma, akafungua kabati lake mbele yetu.

"Dawa ya malaria iko. Ya minyoo iko. Ya hii, ndugu yangu, hata jina yake hawakutufundisha."

Alitupa vidonge vya usingizi vya siku tano. Vilimlegeza yaya miguu na ulimi, macho vikayaacha wazi.

Tiba aliipata mwenyewe. Mtaa wa nyuma alikufa mzee mmoja, yaya akaenda kilioni. Kwetu matawi ya miti huwekwa barabarani ili wapita njia wajue, moto huwashwa uani, na wanaume hulala nje siku kadhaa, kwenye mikeka na viti. Muda wote kuna mtu anayesema: mpira, siasa, marehemu na wake zake. Yaya alilala pale kama mtoto. Kilio kilipokwisha alitafuta kingine upande wa Shituru, kisha kingine kwenye njia ya Kakontwe. Kilioni hafukuzwi mtu. Alibeba viti, alichota maji, alilala. Mashavu yakaanza kurudi.

Mimi nimesoma utawala, Lubumbashi, na nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba kilio kinakula kazi za watu. Basi komini yetu, ofisi ya serikali ya hapa, ilipobandika amri ukutani, kwamba watu watawanyike mara baada ya maziko, kwamba moto na kulala nje ni marufuku kwa ajili ya usafi na usalama, niliisoma mara mbili nikafurahi. Nilikuwa nimehoji Mungu, vyama, walimu wangu na mama yangu. Karatasi ile sikuihoji. Nilisema, hatimaye serikali imefanya kitu.

Kilio kilichobaki kilikuwa cha muda wa saa tatu hivi, kabla ya kwenda makaburini. Yaya alilala hizo saa tatu. Siku ambazo hakufa mtu hakulala kabisa. Aliacha kula. Alimwambia mama kwamba afadhali angebaki chini na wenzake, na mama akaficha visu na kamba ya kuanikia nguo. Hapo nikaenda komini.

Karani alikuwa anakula karanga.

"Unaomba nini kabisa?"

"Fasi. Chumba moja, viti, na muntu mwenye alisomea hii kazi. Bantu kama yaya beko wengi, mashimo inatuletea bengine kila siku."

"Ugonjwa ya kichwa haiko hapa. Iko Lubumbashi."

"Basi muondoe ile amri, yaya analalaka ku kilio tu."

Alicheka mpaka karanga zikamwanguka. "Musikie! Huyu anataka bantu bafwe, juu ndugu yake apate kulala!"

Foleni nzima ilicheka pamoja naye. Kibaya ni kwamba hakuwa amekosea.

Jumamosi iliyofuata, mama na dada wakiwa sokoni, nilikata matawi ya mparachichi wetu nikayalaza barabarani. Nikawasha moto uani, nikatoa viti na mkeka, nikamketisha yaya. Sikumwambia mtu kitu. Haikupita robo saa, wanawake wakaingia wakilia, wanaume nyuma yao na viti vyao.

"Nani alikufwa? Ni mama?" aliuliza jirani yetu wa mkono wa kushoto.

"Hapana."

"Ni mugonjwa wenu?"

Yaya alikuwa anamtazama. Mwanaume mmoja akasema, "Maiti inatuangalia!" na wengine wakacheka kwa hofu. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno ya chuo kikuu.

"Weye njo mwenye ulisoma, na unaita kifo mu nyumba ya mama yako?"

"Niliacha sufuria ya bukari yangu ku moto!"

"Minye nililia machozi ya kweli. Unirudishie!"

Mama akafika, akaona matawi, akaangusha beseni lake na kukaa chini katikati ya barabara. Walipomwinua na kumwonyesha kwamba yaya ni mzima, alinipiga kofi, kisha akaanza kunilaani kwa lugha tatu. Wengine walimsaidia. Wengine walinitetea, wakagombana na wale. Katikati ya kelele hizo jirani alinishika mkono.

"Angalia. Analala."

Yaya alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, kinywa wazi, miguu imelegea. Watu walipunguza sauti, na kope zake zikacheza. Mzee mmoja akaelewa haraka kuliko mimi.

"Musinyamaze. Tuendelee kumutukana huyu kijana, lakini pole pole."

Wakaendelea. Walinitukana, kisha wakaitukana komini, kisha wakahamia bei ya unga. Mama alikaa karibu na kichwa cha yaya akichambua majani ya sombe ya jirani. Nadhani ilikuwa nusu saa. Nilianza kuhesabu ni familia ngapi mtaani zingekubali zamu ya kuja kuongea usiku.

Shefu wa mtaa aliingia na polisi wawili. Hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, kama anavyofanya kwenye mikutano, na watu wote, kumi na tano au ishirini, wakanyamaza mara moja.

Yaya akaamka. Hakutuona. Aligeuka kifudifudi, akasukuma mkeka, akaanza kuchimba udongo kwa mikono yote miwili huku akiwaita wale wawili.

"Museme kitu!" nilipiga kelele. "Chochote! Museme!"

Waliangalia polisi. Mama alifungua kinywa, sauti haikutoka. Aliyesema ni shefu peke yake. Alifungua daftari lake, akaniuliza jina langu, aliandike.