Mzizi wa Unywele

Daktari wa mifugo wa Garsen hakati nywele za mkia wa ng'ombe. Huzing'oa, kisha huziinua juani kuhakikisha zimetoka na mizizi. Anayemletea zilizokatwa kwa kisu hurudishiwa papo hapo, na taya la daktari hukazana. Leo mnadani Minjila taya hilo halikulegea kabisa. Dukicha, mfugaji aliyeibiwa fahali, alikuwa amemkuta mnyama wake mikononi mwa mchuuzi, chapa yake imechomewa juu kwa chapa nyingine, kidonda bado kibichi. Damu ilimchemka. "Mama yake yupo zizini kwangu, daktari."

"Mama gani?" mchuuzi akacheka. "Ng'ombe wote damu yao nyekundu."

Daktari alimpita, akaushika mkia, akang'oa. Fahali alirusha teke, yeye hakusogea. Kwa vidole vilivyobabuka kwa dawa ya kupe, alimsogezea mchuuzi unywele mpaka puani, amwonyeshe kidoti cheupe cha mzizi.

"Humu mna DNA," alisema kwa sauti ya chini iliyotetemeka kwa hasira. "Nusu ilitoka kwa mama yake, na maabara italinganisha na yule wa zizini. Kila seli ikigawanyika huinakili yote upya, hata chini ya kidonda ulichomtia. Chapa umeichomea juu. Hapa utachoma nini?"