Bata wa mwenyekiti kwenye ziwa letu

Jamani, leo nusura nipoteze kibarua kwa sababu ya bata.

Juzi nilipiga picha bata akiogelea kwenye dimbwi la barabara yetu hapa Sumbawanga. Nikaandika juu yake: "Karibuni ziwani. Meli italetwa karibu na uchaguzi."
Nikairusha kwenye kundi la mtaa, ikasambaa mpaka shangazi kule Kahama akanitumia mimi, eti nicheke.

Leo tunachimba msingi, akaja mwenyekiti wa mtaa na simu mkononi. Nyumba tunayojenga ni yake.

"Nani katengeneza hii?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Huoni kitambaa chekundu mguuni? Huyo bata wangu."

Wenzangu wakainamia majembe.

"Dimbwi semeni mnavyotaka. Sasa wanasema mwenyekiti kafuga bata barabarani. Ifute."

"Mzee, imeshafika Kahama."

Akawaza kidogo. "Basi mtoe bata, acha dimbwi."

Nimeikata picha, nimeirusha upya. Sasa kundi zima linauliza bata kaenda wapi, na mwenyekiti yumo humo anasoma.

Kibarua bado nakitaka. Ila vidole vinawasha.

Niandike "amezama" au ninyamaze?