Kuku wa Jumapili, Wageni wa Jumatatu

Enzi zetu kuku hakuwa chakula cha siku moja. Alichinjwa Jumapili, lakini kuondoka nyumbani aliondoka katikati ya wiki, tena kwa shida, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Wenzangu mliokulia Nyakato, Mwanza, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwandani zilizoshikana kuta, mnanielewa. Watoto wangu wakimkuta kuku wa jana kwenye friji wanaufunga mlango polepole, kama watu waliofungua chumba cha wenyewe kwa bahati mbaya.

Samaki hatukumhesabu. Ziwa lilikuwa pale pale, na sato na dagaa walituzoea kama tulivyowazoea wao. Mtoto aliyejisifu shuleni kwamba kwao wamekula samaki alichekwa mpaka kengele. Lakini aliyekula kuku hakunawa mikono makusudi, akaja nayo darasani Jumatatu, na sisi wengine tukawa tunajisogeza kwenye dawati lake kana kwamba tunaazima kifutio.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, akarudi jioni ananukia mashudu. Sisi watoto tulikuwa wengi kuliko viti. Katikati yetu sote alikuwapo Mama na sufuria yake kubwa. Tukitoka kanisani, kuku alishapakwa chumvi, ndimu na kitunguu swaumu. Mama alimlaza mzima kwenye sufuria, akaweka makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, naye akaiva taratibu mpaka ngozi ikawa rangi ya asali. Majirani wote walijua kinachoendelea. Watoto wao walianza kupita mlangoni kwetu wakitafuta mpira ambao haukupotea.

Kisha ukaja mgawo. Firigisi ilikuwa ya Baba, na hilo halikuwa na mjadala. Sisi tulipata mabawa, shingo na miguu, tukazitafuna zile kucha kwa heshima zote. Mapaja na kidari Mama aliyarudisha kwenye sufuria, akasema yanapumzika. Jumatatu yaliamka yakiwa mchuzi wa viazi, nyama kwa wakubwa, viazi kwa watoto. Jumanne mifupa ilivunjwa ikachemshwa, tukanywa supu yake kwa ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa. Jumatano yale mafuta yaliyoganda juu ya supu yalikaangia mchicha. Alhamisi tulirudi kwenye dagaa, lakini Mama aliwapika kwenye sufuria ile ile na kutuambia, "Vuteni hewa vizuri, kuku bado yumo."

Tukilalamika alikuwa na jibu moja tu: "Kuku haishi. Kinachoisha ni subira ya mlaji."

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita mtaani na kufagia mabanda yote. Kwetu alibaki jogoo mmoja, na Jumapili moja Mama akaona heri tumle mapema kabla ugonjwa haujamfikia. Tulikuwa tukingoja jambo kubwa wiki iliyofuata. Dada yetu mkubwa, Kabula, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Magu, na mwalimu mwenzake aitwaye Shija alikuwa amempenda. Wazee wa Shija walituma habari kwamba watakuja Jumapili ijayo kuleta posa. Kabula alikuwa likizo nyumbani, hali vizuri, halali vizuri. Mama alipanga atafute kuku wa wageni hao katikati ya wiki.

Jumatatu, jua halijapanda, roli la pamba likasimama barabarani. Wakashuka wanaume watano wenye kofia na fimbo.

"Hodi! Sisi ni wa kwa Shija," akasema wa mbele. "Roli lilikuwa linakuja Mwanza, tukaona tusichezee bahati."

Huyo wa mbele alikuwa Mzee Lugembe, baba mkubwa wake Shija, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Ilisemekana aliwahi kuvunja posa ya watu kwa sababu aliletewa ugali mbichi. Kabula alipomwona kupitia upenyo wa pazia, alikaa chini palepale sakafuni.

Baba, ambaye kwa bahati alikuwa zamu ya mchana, aliwakaribisha sebuleni, kisha akamfuata Mama jikoni. Sijawahi kumwona ananong'ona kwa hofu namna ile.

"Mama Kabula, utawapa nini? Watu wa posa wasipopewa kuku watasema tumewadharau."

"Kuku yupo."

"Yupo wapi? Si tumemla jana?"

"Tumeanza kumla," akasema Mama.

Jirani yetu, Mama Grace, alisikia kupitia ukuta, maana kuta zile hazikuficha hata kikohozi. Akaja mbio na kuku wake wa pekee aliyenusurika, kamkumbatia. Kuku mwenyewe alikuwa anaatamia mayai, akawa anang'aka kwa hasira. Mama alimtazama, akampapasa kichwa.

"Mrudishe, dada. Siwezi kumwozesha mwanangu kwa kuwaacha wana wa mwenzangu wapoe mayaini."

Ndipo akakunja mikono. Alichambua nyama ya mapaja yote mawili na ya kidari nyuzi kwa nyuzi. Mifupa akaigonga kwenye kinu, akaichemsha kwa tangawizi. Karanga akazikaanga, mimi na wadogo zangu tukazisaga huku tukikatazwa kuonja. Nusu ya supu ikapikia mchele, nusu ikaingia kwenye karanga pamoja na zile nyuzi za nyama, ikawa mchuzi mzito wa kahawia ambao harufu yake ilinifanya nimsamehe kila mtu aliyewahi kunikosea. Kabula alikuwa anapepeta mchele, anachochea moto, machozi yakimtoka, akidai ni moshi wa mkaa.

"Mkiulizwa," Mama akatuambia sisi watoto, "mmeshiba."

Tukapeleka chakula. Mimi nilimiminia wageni maji ya kunawa, kisha nikabaki pembeni nimeshika birika, sina sababu yoyote ya kubaki. Walikula bila kuzungumza. Sinia la wali likashuka, likaongezwa, likashuka tena. Lakini niliona kijiko cha Mzee Lugembe kinazunguka ndani ya bakuli, kinagusa huku, kinagusa kule, kama mtu anayetafuta pete kwenye maji. Mwishowe akakiweka chini.

"Chakula kitamu," akasema. "Ila nauliza. Kuku wenu huyu alizaliwa hana firigisi?"

Baba akakohoa, akaangalia dari. Aliyekula firigisi alikuwa yeye. Kwa desturi yetu kipande kile ni cha mgeni mkuu. Kukikosa ni kuambiwa kwamba hukutarajiwa au huthaminiwi. Wale wazee wengine wakaacha kutafuna. Nyuma ya pazia nilisikia Kabula anavuta pumzi.

Mama akaingia, akapiga magoti.

"Shikamoo tena, baba. Firigisi aliila mwenye nyumba jana. Huyu ni kuku wa jana. Tuliwatarajia Jumapili, na kideri hakikutuachia mwingine. Jirani alinipa wake, lakini anaatamia, nikaona haya kumwondoa. Nimewapa tulichokuwa nacho, na nimekipika kwa moyo wote."

Mzee Lugembe akaliangalia bakuli. Akawaangalia wenzake, wanaume wazima wanne waliokuwa wamejilegeza kwa shibe.

"Yaani sisi watano tumeshiba kuku wa jana?"

"Nusu yake, baba. Nusu nyingine watoto waliila jana."

Mzee akachungulia tena ndani ya bakuli. Nilikuwa nimeshika birika kwa nguvu hata vidole vikauma. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hata Mama Grace upande wa pili akacheka bila kujua sababu.

"Nimekwenda kuposa kwa watu waliochinja ng'ombe wa kuazima," akasema akijifuta macho. "Wakwe hawakusema, na binti hakusema. Tulikuja kulijua hilo siku wenye ng'ombe walipokuja kwetu kudai. Wewe mama umenificha firigisi kwa muda wa sahani moja tu. Sasa niambie, upishi huu mwanao anaujua?"

"Ninaujua!" Kabula akajibu mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, mchumba ambaye kwa adabu alipaswa kuwa bubu siku hiyo. Baba akafunika uso kwa kiganja. Wazee wakacheka upya, na mzee akasukuma bakuli upande wetu watoto. Siku hiyo ndipo nilipojua kidari kina ladha gani.

Kabula akaolewa mavuno yalipokwisha. Yeye na Shija wamezeekea Magu, na hadi leo wanabishana kwa furaha. Wazazi wetu wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Mimi ninaishi Buhongwa, na kuku tunao wa kutosha. Kuku wa siku hizi anakua haraka kuliko nywele zangu, na kila mtoto anataka paja, nami namkatia, hata sijui mapaja yote haya yanatoka wapi. Binti yangu Neema humpiga picha kwanza kuku, kisha anakula nyama ya juu juu na kuacha kwenye mfupa mlo wa mtu mzima. Nikisema, ananiambia, "Mama, hizo ni stori za shida." Pengine ni kweli. Asinidanganye mtu, siitamani tena miguu ya kuku na kucha zake.

Ninachokikosa ni zile fujo. Tulikuwa tunagombania bawa moja kwa kelele ambazo Mama Grace alizifuata kama taarifa ya habari, na ukichelewa kufika mezani ulikuta mchuzi umeshakuwa historia. Sasa nikipakua ninaita, na majibu yananijia kutoka vyumbani, kila mlango na sauti yake: "Niwekee, Mama." Basi nami ninawawekea. Ninafunika sahani moja baada ya nyingine, ninakaa, na ninakula polepole, nikisikiliza kama kuna mlango utakaofunguka.