Kifudifudi Mbele ya Ndama

Nilipokuwa nikiishi kwa wakwe zangu kijijini Kisondela, Rungwe, nilizijua gambuti za babamkwe kuliko nilivyomjua mwenyewe. Ya kushoto ilikuwa na kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli. Uso wake sikuwahi kuuona, maana kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami babamkwe, hasemi naye, na akimwona njiani anaiacha njia na kuingia shambani. Mimi ni Mluguru wa Morogoro, mwalimu wa shule ya msingi. Mawifi walinifundisha sheria hiyo siku niliyofika, nikaishika kwa bidii kuliko wao waliozaliwa nayo. Mgeni anayetaka kupendwa huzidisha.

Yeye naye alijitahidi. Kabla ya kila kona alikohoa, hata asiyejua mambo angemtafutia dawa. Nikisikia kikohozi tu, natimua mbio na kuacha chochote nilichoshika, hata sufuria ya uji. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Tukuyu, na yeye alikuwa amejipatia koti la kijani lenye vifungo vikubwa vya kung'aa. Kila mwanamke kijijini alijua kuwa koti lile ni la kike, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nililiona kwa nyuma tu, nikiwa migombani.

Kisha nikajifungua binti. Baridi ya Rungwe haina mzaha, na mamamkwe alimvika mtoto fulana, sweta mbili, kanga na shali, kisha akamzungushia blanketi juu ya vyote. Mchana kutwa mtoto alikuwa ama chali kitandani ama mgongoni kwangu, amekazwa asiweze kutikisa hata sikio. Alipopita miezi mitatu nikampeleka kliniki Tukuyu. Nesi alikuwa mama mmoja aliyehamishwa kutoka Musoma, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alimfungua nguo moja baada ya nyingine, muda mrefu, mpaka foleni nzima ikaanza kucheka. Alipomwinua, kichwa kilianguka. Kichogo kilikuwa bapa.

“Mama, huyu ni mtoto au mkungu wa ndizi mmeuvundika?”

Nikasema ni mtoto.

“Basi sikiliza. Usiku alale chali. Lakini mchana, akiwa macho, mlaze kifudifudi. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Hapo ndipo shingo inapata nguvu, na mabega, na mgongo. Asipoifanya kazi hiyo, atatambaa na nini? Na usimwache peke yake hata kidogo. Mwezi ujao asipoinua kichwa, nakuandikia barua uende kwa daktari Mbeya.”

Nililia njia nzima. Kwetu Morogoro palikuwa na mtoto wa jirani aliyefika miaka minne bila kuketi, na mama yake alikuwa akimbeba sokoni huku watu wakijifanya hawaoni. Nilimwona mtoto yule kila hatua mpaka nyumbani.

“Anayelala kifudifudi ni mfiwa,” mamamkwe aliniambia nilipomweleza. “Huyu amefiwa na nani?” Kesho yake alijitwika kikapu chake cha chai, akaondoka na mawifi kwenda kuchuma, akasema hataki kuwa shahidi. Mume wangu alikuwa kazini Mbeya, anarudi Jumamosi. Nyumbani tulibaki mimi, mtoto, ndama aliyefungwa kambani, na babamkwe, ambaye goti lake lilikuwa limemstaafisha kuchuma chai.

Ndani kulikuwa na giza na moshi. Sehemu kavu yenye jua ilikuwa moja tu, pale uwanjani, na njia ya babamkwe ya kwenda kwa ndama ilipita hapo hapo. Nikatandika mkeka, nikamlaza binti yangu kifudifudi. Akazika pua mkekani na kupiga yowe. Mara nikasikia kikohozi.

Sijui niseme nini kujitetea. Nesi alisema usimwache peke yake, na mimi nilikuwa nimefika katikati ya migomba kabla sijakumbuka kuwa nina mtoto. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa mila ya watu wengine. Nilichungulia kati ya majani. Gambuti mbili zilikuwa zimesimama kando ya mkeka. Babamkwe alimgeuza mtoto shavu, kisha akamgeukia ndama na kusema kwa Kiswahili. Ndama yule alikuwa hajawahi kusemeshwa Kiswahili tangu azaliwe.

“Ndama gwe, mwambie mwenye mtoto, mtoto wake ameanguka.”

Nikaushika mgomba. “Mgomba, mwambie mwenye ndama, hajaanguka. Nesi ndiye aliyesema alazwe hivyo mchana, shingo ipate nguvu.”

“Ndama, uliza: nesi alisema aachwe peke yake?”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. “Mgomba, sema hapana.”

“Ndama, mwambie nitakaa.”

Tangu hapo ikawa ratiba. Kila siku, saa nne ikifika, alikohoa, nami nikamlaza mtoto na kukimbilia migombani, yeye akaketi kwenye kigoda kumlinda. Alijaribu kila njia. Alimpungia kifuniko cha kopo la majarini. Alimwekea redio. Alimsogezea ndama mwenyewe, na ndama akalamba kichogo kile bapa mpaka kikang'aa. Kichwa hakikuinuka. Wiki ya tatu ikaisha, na nilianza kuwachukia wote: nesi, ndama, hata mgomba usio na kosa.

Nikakumbuka neno moja la nesi nililokuwa nimeliruka kwa sababu halikuwezekana. “Mgomba,” nikasema, “mwambie mwenye ndama, nesi alisema mtu alale mbele ya mtoto, uso kwa uso. Mtoto anainua kichwa kutafuta uso. Hapo anaona gambuti tu.”

Babamkwe, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, alisukuma kigoda kando. Halafu nikaona koti la kijani likishuka, goti bovu likilalamika, vifungo vikigonga ardhi kimoja kimoja. Akalala kifudifudi.

Ndipo akapita jirani, mzee wa kanisa mwenzake, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Aliona mwenzake amelala uso chini, mtoto amelala uso chini, ndama amesimama, na mimi nimeukumbatia mgomba huku machozi yakinitoka. Hakuuliza. Anayeomba hasumbuliwi. Alitua mzigo, akavua kofia, akalala kifudifudi kando yao na kuanza kuomba kimoyomoyo. Babamkwe hakuweza kumweleza bila kukatiza sala, na mzee gani wa kanisa angekatiza sala? Wakalala hivyo watatu. Jirani alipomaliza, akapaza sauti: “Amina!”

Binti yangu akainua kichwa.

Kilitetemeka, kikayumba, lakini kilikaa juu. Nilipiga kelele. Nilitoka migombani mbio, nikajitupa kifudifudi kwenye nyasi, shavu kwa shavu na mtoto wangu, na juu ya kishungi cha nywele zake nikauona uso wa babamkwe. Macho madogo, mashavu mapana, nyusi zilizopanda juu upande mmoja. Mwezi mzima watu walibishana huyu mtoto kafanana na nani. Jibu lilikuwa limelala pale ndani ya koti la kike, likicheka bila meno ya mbele. Tulitazamana. Kisha akakumbuka, akauzika uso wake mkekani.

“Ndama,” alisema kutoka humo mkekani, “mwambie ameinua. Ndaga fijo.” Yaani asante sana. Jirani akasema Amina tena.

Sikuuona uso ule tena. Yeye alizidisha kukohoa, mimi nikazidisha kukimbia. Lakini mtoto alipotambaa, akatembea, akaanza hata shule, mchezo wao ulibaki ule ule: saa nne siku za mapumziko, wawili kifudifudi uwanjani, wakitazamana, anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa. Mimi niliwasikia nikiwa migombani.

Alifariki binti yangu akiwa na miaka saba. Siku ya mazishi watu walipanga foleni kumuaga, nami nikajificha nyuma ya wanawake kwa mazoea, ingawa hakukuwa tena na kikohozi. Binti yangu alitazama ndani ya jeneza, akanitafuta, akanivuta kanga.

“Mama, mbona wamemlaza chali? Atanionaje?”

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mgomba karibu wa kunijibia.