Dada wa Sidiria

Mtandaoni watu waliniita dada. Sikuwahi kujiita hivyo mwenyewe. Nilipofungua ukurasa wa kuuza sidiria za mitumba sikuweka picha yangu wala jina langu, na mteja wa kwanza alipoandika, "Sasa dada, hiyo nyeusi bado iko?" nilimjibu kwamba iko, na mambo yakaendelea hivyo. Simu zilipopigwa sikupokea. Niliandika kwamba niko mahali siwezi kuongea, tafadhali nitumie ujumbe. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwanaume wa karibu miaka arobaini, nimeketi kwenye kitanda nilicholalia nikiwa mvulana, nyumbani kwa mama yangu, Buruburu.

Nilirudi pale baada ya kampuni ya bima niliyoifanyia kazi kufunga idara yetu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akitafuta bima kwenye simu yake, sisi ndio tunaotokea juu kabla ya wengine. Ni kazi ya kukisia maneno ya watu. Mtu mwenye shida huandika nini akiwa peke yake na simu? Ataandika Kiingereza au Kiswahili, ataandika swali zima au neno moja, atakosea herufi gani? Niliijua kazi hiyo vizuri. Kisha asubuhi moja tuliitwa kwenye chumba cha mikutano, tukaambiwa tukusanye vitu vyetu.

Mama alinipokea bila maswali mengi. Baba alikuwa mtu wa reli, na alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mama alibaki na cherehani yake, na vitambaa alivyofuma kwa mkono vilivyofunika kila kiti sebuleni, na chama cha akina mama wa kanisa, yeye akiwa mwenyekiti, kilichokutana kwake kila mwezi. Aliwaambia wenzake kwamba siku hizi ofisi yetu inaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani kwa kompyuta. Alisema hivyo mbele yangu, macho yake yakiwa kwenye birika la chai, nami nikaitikia kwa kichwa. Aibu yangu ilianza pale, kabla ya sidiria yoyote. Nilikuwa nimemfanya mama asiyependa uongo anitungie kazi.

Nilituma maombi kila mahali. Nilipochoka kungoja majibu nilirudia kile nilichokijua, nikaanza kuangalia watu wa mtaani kwetu wanatafuta nini mtandaoni. Viatu, mashati, simu, hivyo vilikuwa na wauzaji kila kona. Lakini kulikuwa na maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Sidiria kubwa Eastlands. Sidiria isiyokata mabega. Nitajuaje saizi yangu bila kupimwa na mtu. Hilo la mwisho lilinifungua macho. Pale soko la mitumba la Gikomba wauzaji ni vijana wa kiume, wanainua sidiria juu, wanaita wapita njia, wanamkadiria mteja kwa macho mbele ya watu. Kulikuwa na wanawake waliotaka kununua bila kuonwa. Nami nilikuwa mtu aliyetaka kuuza bila kuonwa.

Nilinunua mzigo wa kwanza alfajiri, nikautia kwenye mkoba niliokuwa nikibebea kompyuta. Nilifua mama akiwa kanisani. Nilianika chumbani mwangu, kwenye kamba niliyofunga kutoka dirishani hadi kabatini, pazia likiwa limefungwa mchana kutwa. Kwa picha nilichukua kitambaa kimoja cha sebuleni, cheupe chenye pindo la maua ya zambarau, nikakitandika kitandani na kupanga sidiria juu yake. Nilipomaliza nilikirudisha kwenye kiti chake na kukinyoosha. Picha zilipendeza kupita za wenzangu wote.

Lakini kilichoupandisha ukurasa ni maandishi. Kila swali nililoliona watu wanauliza, nililiandikia jibu. Niliandika jinsi ya kujipima kwa utepe wa fundi mbele ya kioo, jinsi ya kufua bila kuharibu waya, na kwa nini mkanda hupanda mgongoni. Nilisoma sana ili nisidanganye. Siku moja nikakuta swali la mtu aliyeuliza avae nini baada ya kuondolewa titi moja hospitalini, asionekane kanisani kwamba upande mmoja uko wazi. Niliona kwamba swali lile liliulizwa na wengi, na majibu yote yalitoka nchi za mbali, yakitaja maduka ambayo hayako kwetu. Nilikaa nalo siku kadhaa. Mwishowe niliandika jibu fupi, kwa upole kadiri nilivyoweza: sidiria laini isiyo na waya, yenye mfuko wa ndani wa kutia pamba au sponji, na kwamba yeyote mwenye haja hiyo aniandikie, nitamtafutia. Jibu hilo ndilo lililosomwa kuliko yote.

Kisha nikataka kupanda zaidi. Ukiisajili biashara yako kwenye ramani ya simu, aliye karibu akitafuta, unatokea wa kwanza. Niliandika nyumba ya mama kwa kuwa sikuwa na pengine, na nikachagua anwani isionekane kwa watu. Au nilidhani nimechagua. Kuna kitufe nilichokiacha, mimi niliyelipwa mshahara kuvijua vitufe hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya chama. Akina mama walikuwa wameshaimba, wameshaomba, wanakunywa chai. Mimi nilikuwa chumbani nikifunga oda. Nikasikia lango likigongwa, na mmoja wa wale akina mama akatoka kufungua, kisha akarudi akicheka kidogo.

"Mwenyekiti, kuna mgeni hapa anasema simu yake imemleta kwako kununua sidiria."

Mama alimwambia amkaribishe, pengine amepotea nyumba. Nilisogea hadi ukumbini nikasimama nyuma ya mlango wa sebule. Sauti ya mgeni ilikuwa ya chini. Alieleza kwamba ametoka mtaa wa Huruma, anamtafuta dada fulani ambaye wamekuwa wakiandikiana, na ramani inaonyesha ni hapa hapa. Mama alimwambia kwamba hana binti, watoto wake ni wavulana watupu. Ndipo yule mgeni, ili asionekane mwongo, akamwonyesha picha kwenye simu.

Kupitia mwanya wa mlango niliona simu ikipita mkono hadi mkono. Mmoja alivaa miwani kuitazama vizuri, kisha akageuka akatazama kiti alichokalia mwenzake. Wengine nao wakageuka.

"Hicho kitambaa ni changu," mama akasema.

Ningeweza kurudi chumbani. Nilifikiria hata kuruka dirishani, licha ya ile kamba iliyojaa sidiria. Lakini mama alikuwa amesimama pale mbele ya wenzake kama mtu aliyeshikwa na kitu asichokijua, nami nikasukuma mlango.

"Huyo dada ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mmoja akakohoa ndani ya kikombe, na mwingine akaangalia sakafu, mabega yakimtikisika. Lakini uso uliobadilika kuliko yote ni wa yule mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta kubwa siku ya jua kali. Alinitazama, akavuta sweta kifuani kwa mikono miwili, akageuka akaelekea nje. Ndipo nilipojua ni yupi. Alikuwa ameniandikia kwa muda mrefu, tangu asome lile jibu la titi. Alikuwa ameniambia mambo kuhusu kidonda chake, na kuhusu mumewe aliyehamia kulala upande wa pili wa pazia, mambo ambayo mwanamke humwambia mwanamke mwenzake.

Sikuweza kumfuata. Ningemwambia nini? Mama ndiye aliyemfuata. Sijui aliona nini katika ule mkono ulioshika sweta, labda alielewa kwa sababu dada yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huo huo, saratani ya titi, kijijini kwetu magharibi, akiwa amejifungia ndani. Alimpata langoni, akaongea naye kwa sauti ambayo hatukuisikia, kisha akapita naye katikati ya sebule akiwa amemshika mkono, akaingia naye chumbani mwake na kufunga mlango. Wale akina mama walisali sala ya kufunga kikao bila mwenyekiti wao, wakaondoka wawili wawili.

Baadaye mama alitoa kichwa mlangoni.

"Lete zile laini zote, za saizi yake. Saizi unaijua wewe."

Alisema hivyo bila ukali, na bado ilinichoma, kwa kuwa kweli niliijua. Nilizileta kwenye beseni, nikaliweka chini mlangoni na kuondoka. Nikasikia cherehani ikianza. Alikata vipande kutoka kwenye gauni lake la ndani la pamba, akavishona viwe mifuko, akafungua mto na kutoa sponji. Nilikaa jikoni nikisikiliza mashine ikienda na kusimama, na sauti zao, na mara moja, kicheko kifupi cha yule mgeni.

Alipotoka hakuwa tena na sweta mwilini, alikuwa amelikunja mkononi. Blauzi yake ilikaa sawa. Nilimfungulia lango huku nikiangalia kufuli. Nilimwomba radhi. Alisimama kidogo.

"Uliandika vizuri," akasema. "Ndiyo maana nilidhani wewe pia umekatwa."

Akatoka, nami nikafunga lango. Kati ya yote niliyoambiwa wakati ule, na mengi yalisemwa, hilo ndilo ninalolisikia nikiwa nanyoa ndevu au nikiwa nimesimama kwenye foleni. Hakulisema kwa hasira.

Jioni ile mama hakunigombeza. Alikifua kile kitambaa, akakianika nje. Tulipokuwa tukila aliniambia kwamba sidiria ni nguo kama nguo nyingine, na kwamba yeye mwenyewe alizinunua Gikomba maisha yake yote. Kilichomuuma ni kwamba watu wa Huruma walikijua kilichomo ndani ya nyumba yake kabla yake. Nilimwambia niliogopa kumwaibisha. Alitafuna polepole, akasema, "Basi umeniaibisha mara mbili," akaendelea kula.

Chama kilihamia nyumba nyingine mwezi uliofuata. Walimwambia ni zamu tu, kila mtu apate baraka ya kuwapokea wengine, lakini zamu hiyo haijamrudia hadi leo. Nilimwona akijiandaa kwenda kama mgeni mahali ambapo awali wangekuja kwake, akibeba kitabu chake cha nyimbo na chupa ya chai, na sikuthubutu kumwambia pole. Kanisani vijana waliniita dada wakinipita. Niliacha kukaa viti vya mbele.

Niliandika upya ukurasa wangu. Nilisema wazi kwamba muuzaji ni mwanaume, kwamba mama yangu ndiye anayepima na kushona, na kwamba anayetaka kufuta mazungumzo yetu ya zamani aniambie nifute upande wangu pia. Wengi waliniacha siku hiyo hiyo. Wengine walinitukana, na sikuwajibu kwa kuwa walikuwa na haki. Niliyafuta mazungumzo niliyoombwa nifute, na mengi ambayo sikuombwa. Ukurasa ulishuka hadi mahali ambapo mtu hafiki asipokuwa na muda wa kupoteza. Lakini lile jibu moja, la mwanamke aliyeondolewa titi, halikushuka. Bado hakukuwa na mwingine mtaani aliyelijibu.

Yule wa Huruma aliwaambia wenzake wa kliniki ya saratani. Walianza kuja siku za Alhamisi, mmoja mmoja, wengine wakisindikizwa na binti zao. Wanamwita mama "mama," wanakaa chumbani kwake muda mrefu kuliko kushona kunavyohitaji. Mimi nawajibu kwenye simu kwa jina langu halisi, nawatafutia zile laini Gikomba, nazifua na kuanika nje, uani, mahali majirani wanapoona. Na Alhamisi wakianza kufika, natoka, ili waweze kupita ukumbini bila kukutana na mwanaume. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo.

Huwa natembea hadi soko la Mutindwa na kurudi, kisha nazunguka tena. Alhamisi moja nilikutana na mtu tuliyefanya kazi naye kwenye bima. Alikuwa amevaa tai. Alifurahi kuniona, akaniuliza niko wapi siku hizi. Nilisema niko kwenye biashara ya mtandaoni. Akasema nilikuwa mkali wa mambo hayo, bila shaka naendelea vizuri, kisha akauliza nauza nini.

"Nguo," nikasema.

Akauliza nguo za aina gani, mkewe naye hununua sana mtandaoni. Nilijua jina la kila mshono na kila saizi, nilijua mkewe angeandika maneno gani kunitafuta. Nikamwambia ni za kawaida tu, nguo za kawaida, na kwamba nina haraka. Aliposhika njia yake niliendelea kutembea polepole kwenye vumbi la soko, sina pa kwenda, hadi mama aliponipigia simu kuniambia kwamba wa mwisho ameshatoka na naweza kurudi nyumbani.