Tawi Mlangoni kwa Bibi Priska

Nianze kwa kukiri: nilimwonea wivu bibi Priska kwa muda wa miaka miwili, na wivu wenyewe ulikuwa wa kipuuzi.

Mimi ni Salha, muuguzi, mzaliwa wa Kondoa. Nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja huko Kongwa, nikapewa nyumba ya mtumishi yenye vyumba viwili. Mume tulikwishaachana. Jioni zangu zilikuwa redio na upepo, na ule upepo wa Kongwa mwezi wa sita hauna adabu, unaingia na vumbi bila hodi. Watu wa pale hawakunifanyia ubaya. Walinisalimu, "Mbukwa, nesi," wakapita zao. Mtu akishapewa vidonge hana sababu ya kukaa na nesi. Basi nikawa nawachukulia wagonjwa kama wageni wangu, na aliyekwenda kutibiwa kwingine niliona amenikimbia mimi.

Na kwingine kulikuwa ni kwa bibi Priska.

Nyumba yake ipo njiani, katikati ya kwangu na zahanati, tembe la zamani lililobakia peke yake katikati ya mabati. Mjane. Mwanawe mmoja, Ernest, yuko machimboni Geita, anakuja Krismasi moja anaruka mbili. Nyuma ya nyumba alikuwa na kivumbasi, kimemfika kiunoni, kimejaa vile viua vyake vidogo vyeupe, na nyuki hawaondoki. Ukikipitia karibu na gauni lako, harufu utaenda nayo mpaka kazini.

Sikidharau kivumbasi. Mama yangu mzazi alinikandia nacho kifua nilipokuwa mdogo, na tumbo likijaa gesi tulikunywa maji yake ya moto. Watu wanachoma majani yake kufukuza mbu, wengine wanayachanganya na uwele ghalani ili wadudu wasiingie. Hata chuoni mwalimu alituambia kwamba aina moja ya kivumbasi ina mafuta yaleyale yaliyomo kwenye karafuu, yale anayokupaka daktari wa meno, na kwamba kwenye maabara yameonekana kuua baadhi ya vijidudu. Lakini maabara si kifua cha mtu. Mtoto mwenye malaria ukimpiga nyungu siku tatu badala ya kumleta apimwe, siku ya nne unakuja na maiti. Hilo ndilo nililokuwa nikipigania.

Nyungu yenyewe kwa bibi ilikuwa na utaratibu wake. Sufuria la majani yanayochemka, kigoda cha mgonjwa, kigoda cha bibi, blanketi zito. Mgonjwa anavua nguo, anainamia mvuke, bibi anashikilia blanketi lisiteleze, kwa maana mtu hawezi kujipiga nyungu sawasawa peke yake. Na kwa sababu ndani kuna mtu aliye uchi na mwenye jasho, bibi alikuwa anachomeka tawi la kivumbasi juu ya mlango. Ukiliona tawi, huingii wala hubishi hodi. Unapita kimya. Wanasema ukiingia na upepo, ugonjwa unamrudia mgonjwa, na wewe unatoka na wa kwako. Hata mbuzi, ningesema, walikuwa wanaheshimu lile tawi.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa na kazi moja kabla ya kazi: kuangalia mlango wa bibi. Tawi lipo? Lipo. Nikifika zahanati benchi tupu, damu inachemka.

Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema maneno makali. Nilisema anayetaka kufa na kivumbasi afe, ila asiniletee maiti. Nilipigiwa makofi. Bibi Priska alikuwa amekaa mbele, kitenge cha kijani, akaniangalia tu na kutikisa kichwa taratibu. Baada ya hapo watu wakaanza kuja kwangu. Mafua, kwangu. Kikohozi, kwangu. Nilishinda. Lakini kila asubuhi, bado tawi lipo mlangoni kwa bibi! Nikajiuliza hao wagonjwa anawatoa wapi. Nikasema huyu mama ni mkaidi kuliko punda, anawapokea kwa siri watu wa vijiji vya mbali.

Mwaka uliofuata, baridi ya mwezi wa saba, tawi likakaa siku nne mfululizo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Lilelile, limekauka, viua vimegeuka kahawia. Jumatano hiyo nikasimama njiani na hasira yangu yote. Mgonjwa gani anapigwa nyungu siku nne? Huyo ana malaria, au mapafu yamevimba, na atafia humo ndani halafu niulizwe mimi.

Nikaelekea mlangoni. Jirani aliyekuwa anapepeta mtama akanipigia kelele, "Nesi! Hapo hapaingiliki, kuna mtu!"

"Ndiyo maana naingia," nikamjibu, nikasukuma mlango.

Jiko lilikuwa baridi. Sufuria lipo, maji yamelala, majani yameganda juu. Vigoda viwili vinatazamana, na blanketi limekunjwa juu ya kile cha mgonjwa. Mtu hakuwepo. Nilishasema moyoni, kumbe mama huyu ni mwongo, ndipo nikasikia pumzi. Zilitoka chumba cha ndani, fupifupi, za haraka. Bibi Priska alikuwa kitandani, midomo imekauka, mkono ameushika ubavuni.

"Bibi, shikamoo. Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Marahaba," akasema. Hata pale, akaitikia kwanza. "Mgonjwa ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilitaka kujifukiza, blanketi likanishinda."

Siku nne. Watu walikwenda kisimani na kurudi mbele ya mlango ule, wakaliona tawi, wakainamisha vichwa na kupita kwa adabu zote. Na mimi pia nilipita, asubuhi na jioni, mara sita kwa hesabu yangu, nikiwa nimenuna.

Nilimpima malaria palepale kwa kipimo cha mkobani, hana. Kifua kilikuwa kinakwaruza upande mmoja. Vichomi. Nikampa dozi ya kwanza, nikaita bajaji, nikampakata njia nzima mpaka hospitali, mwepesi ajabu, na nguo zake zikinuka kivumbasi. Niliomba Mungu asinifie mikononi. Nilimwombea bibi kweli, lakini najua na nafsi yangu nilikuwa naiombea.

Siku ya tatu wodini alikunywa uji akamaliza. Nikaona hapa sasa anaweza kujibu.

"Bibi, nikuulize. Mwezi wa tano tawi lilikuwa mlangoni karibu kila siku. Nani alikuwa mgonjwa?"

Akaangalia dirisha. "Hakuna."

"Na mwezi wa nne?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Tangu ule mkutano wako hajaja mtu."

"Sasa tawi la nini?"

Alikuwa na majivuno bibi yule, na nilimwona jinsi lile jibu lilivyomgharimu. "Mlango mtupu unasema," akajibu. "Watu wanapita wanasema yule hana mtu. Tawi likiwepo wanasema leo bibi ana mgeni. Nachemsha majani, naweka vigoda viwili, nakaa. Harufu ikijaa nyumba si mbaya."

Nililia mbele ya wodi nzima, na mimi si mtu wa kulia. Wagonjwa niliodhani ananipora, mimi ndiye niliyempora. Na sikusema uongo pale mkutanoni, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watoto walipona kwa sababu waliletwa mapema. Ila sikufikiria kwamba ninapowaondoa wagonjwa nawaondoa na watu.

Alirudi nyumbani. Hakuniambia asante, kwa kuwa kwao dawa haishukuriwi, ukishukuru unaidharau. Kesho yake nilipopita, tawi lipo mlangoni, bichi. Nikaingia bila hodi. Vigoda viwili, sufuria linachemka. Nikakaa kile cha mgonjwa. Tukanywa maji ya kivumbasi na asali, akanicheka kwamba sisi watu wa Kondoa tunakula mlenda kama tunameza dawa.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tulikubaliana na kazi: mwenye mafua tu, mpige nyungu, mwenye homa, mlete kwanza apimwe. Wawili watatu walianza kurudi kwake. Siku nyingine hakuna mtu, na tawi lipo, naingia mimi. Siku moja nikamwambia, "Bibi, sasa uache kuchomeka hili tawi bure. Mimi najua huna mgonjwa."

"Nikiacha," akasema, "utajuaje siku ya kuja?"

Mwaka huu mwezi wa pili nikapata uhamisho, Mtera. Nilikaa na barua wiki mbili kabla ya kumwonyesha. Akaisoma, akainusa kama majani, akanirudishia. "Huko kuna samaki," akasema. "Utanenepa." Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Nilimkabidhi zahanati Ludovick, kijana mpole wa Iringa. Nikamwambia mambo ya friji ya chanjo, ya ufunguo unaokwama, na la mwisho: "Tawi likiwa mlangoni kwa bibi Priska, ingia."

"Dada, wameshaniambia ni mwiko."

"Wewe ingia."

Ijumaa iliyopita alinipigia. Nilikuwa nje ya zahanati yetu ya huku, upepo unatoka bwawani. "Dada Salha, tawi lipo tangu Jumatatu," akasema. "Majirani wananizuia. Nimesimama hapa mlangoni, naona aibu."

Tangu Jumatatu! Nilimfokea kama mwanangu. "Sukuma mlango, Ludovick. Simu usikate."

Nikasikia mlango unalia. Nikasikia viatu vyake, vikasimama. Halafu sauti ya bibi Priska, nzima, haina homa, imekwaruza kidogo kama ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Salha, leo umechelewa."

"Ndiyo, bibi," nikasema, "nimechelewa."

Simu ilikuwa mkononi mwa Ludovick, mbali na sikio lake. Bibi hakunisikia; kwake, anayeingia tawi likiwa mlangoni ni Salha tu. Nilichosikia mimi ni kigoda kinaburutwa sakafuni, anasogezewa mgeni akae.